Kujenga nyumba ugenini: umiliki kamili, ukodishaji, amana, kampuni au jina la kuazima

Mtu anayetaka kujenga nyumba katika nchi ambayo si raia wake kwa kawaida huanza kwa kulinganisha viwanja: mandhari, barabara, maji, umbali kutoka mjini, bei. Ulinganisho huo una nafasi yake, lakini haufai kutangulia, kwa sababu viwanja viwili vinavyopakana, vyenye ukubwa mmoja na bei moja, vinaweza kumpa mgeni haki mbili zisizofanana hata kidogo. Kimoja kitakuwa chake na cha warithi wake bila kikomo. Kingine kitabaki cha mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama fedha zote zilitoka mfukoni mwake na yeye ndiye anayelala ndani ya nyumba. Kwa hiyo hapa ninalinganisha haki zenyewe, yaani njia tano ambazo mgeni huonyeshwa na wauzaji, madalali na mawakili: umiliki kamili, jina la kuazima, ukodishaji wa muda mrefu, amana ya benki (benki kushika hati kwa niaba ya mgeni) na kampuni. Nasema tangu mwanzo upande nilioegemea, ili msomaji anipime anapoendelea kusoma: haki ndogo iliyoandikishwa kwa jina lako ni bora kuliko haki kubwa iliyoandikishwa kwa jina la mwenzako.

Anayejenga yuko hatarini kuliko anayenunua nyumba iliyokwisha kusimama. Sheria za nchi nyingi zimerithi kanuni ya Warumi isemayo kwamba kilichojengwa juu ya ardhi huifuata ardhi. Saruji ikishakauka, nyumba imekuwa sehemu ya kiwanja, na mwenye kiwanja ndiye mwenye nyumba, isipokuwa iwepo haki maalumu iliyoandikishwa inayovitenganisha viwili hivyo. Mnunuzi wa nyumba hutoa fedha zake mara moja, wakati wa kuhamisha hati. Mjenzi hutoa kwanza za kiwanja, kisha kwa miezi au miaka hutoa za msingi, kuta na paa, na kila tofali analoongeza linaongeza kile atakachopoteza endapo haki yake juu ya ardhi itaonekana kuwa na kasoro.

Umiliki kamili

Zipo nchi ambazo hazimtengi mgeni katika ununuzi wa kawaida wa kiwanja cha nyumba. Ujerumani, Ufaransa na Uingereza ni miongoni mwake: mgeni hununua kwa sheria ileile inayomhusu raia, na swali linalobaki ni ubora wa daftari la ardhi na wa utaratibu wa kuhamisha hati.

Ujerumani inafaa kutazamwa kwa karibu. Mkataba wa kuuza ardhi usiofungwa mbele ya notari, yaani mwanasheria mwenye mamlaka ya kuthibitisha mikataba, hauna nguvu, na notari huusoma wote kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Mhusika asiyeelewa lugha ya mkataba lazima atafsiriwe. Daftari la ardhi, kwa kila mali, hueleza kwanza kiwanja chenyewe, kisha huwa na sehemu tatu. Ya kwanza humtaja mwenye mali na jinsi alivyoipata. Ya pili huorodhesha mizigo, kama vile haki ya jirani kupita au haki ya mzee kuishi humo hadi kufa kwake. Ya tatu huorodhesha rehani. Baada ya saini na kabla ya malipo, notari huomba iandikwe katika sehemu ya pili alama ya kumlinda mnunuzi, ili muuzaji akijaribu kumuuzia mtu mwingine au kuweka rehani mpya, tendo hilo lisimdhuru aliyetangulia. Ni baada ya alama hiyo kuandikwa, na masharti mengine ya mkataba kutimia, ndipo bei hulipwa.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ni kipimo cha kubeba popote uendako. Uliza: kati ya tarehe nitakayolipa na tarehe jina langu litakapoandikwa, ni kitu gani kinamzuia muuzaji kuuza kiwanja hichohicho mara ya pili? Katika baadhi ya nchi jibu ni zuio linaloandikwa kwa msajili. Katika nyingine ni fedha kushikwa na wakili au notari hadi usajili ukamilike. Dalali asiye na jibu zaidi ya kusema kwamba muuzaji ni mtu mwaminifu hajalijibu swali.

Madaftari nayo hayana nguvu sawa. Mfumo ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, na ambao nchi nyingi zimeufuata, huifanya serikali yenyewe ithibitishe nani ni mmiliki. Katika sehemu kubwa ya Marekani, kwa upande mwingine, ofisi ya kumbukumbu huhifadhi hati zinazoletwa bila kuthibitisha kwamba aliyetia saini alikuwa na haki ya kuuza, na ndiyo sababu wanunuzi huko hukata bima ya hati. Katika mfumo wa namna ya pili, kupata nakala ya hati yenye muhuri ni mwanzo tu wa uchunguzi, maana mlolongo wa wamiliki waliotangulia lazima nao ufuatiliwe.

Halafu kuna umiliki kamili wenye masharti, na masharti hayo humgusa zaidi anayekusudia kujenga polepole. Nchini Uturuki, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2012, mgeni hawezi kumiliki zaidi ya hekta 30 nchi nzima bila idhini ya pekee, ardhi yote ya wageni katika wilaya haiwezi kuzidi asilimia 10 ya eneo linalomilikiwa na watu binafsi, na aliyenunua ardhi tupu hutakiwa kupeleka mradi wake wa ujenzi katika wizara husika ndani ya miaka miwili. Asipotimiza, mali huweza kuuzwa na yeye akapewa fedha zake. Nchini Australia, mgeni asiye mkazi anayeruhusiwa kununua kiwanja cha makazi kilicho wazi kwa kawaida hupewa sharti la kukamilisha nyumba ndani ya miaka minne. Mtu aliyezoea kununua kiwanja na kukiacha hadi fedha zipatikane atajikuta amevunja sharti bila kufanya lolote. Denmark humtaka asiye mkazi, ambaye hajawahi kuishi nchini humo kwa jumla ya miaka mitano, aombe kibali cha Wizara ya Sheria, na Uswisi ina sheria ya vibali vya wageni iliyoanza kutumika mwaka 1985.

Masharti hubadilika pia, tena kwa kasi. New Zealand iliwafungia wageni wengi wasio wakazi soko la nyumba mwaka 2018. Kanada ilianza zuio lake tarehe 1 Januari 2023, na kabla ya miezi mitatu kwisha ikalilegeza ili lisihusu ardhi tupu ya makazi. Zuio lenyewe likaongezwa muda hadi mwanzo wa 2027. Sheria za aina hii kwa kawaida hazimnyang'anyi aliyekwisha kununua, lakini humpunguzia wateja siku akitaka kuuza, kwa kuwa mgeni mwenzake, ambaye huenda ndiye angelipa bei nzuri, amefungiwa mlango.

Wala umiliki kamili haumalizi hatari. Wanandoa Waingereza walinunua ardhi Lapithos, kaskazini mwa Kupro, mwaka 2002, wakajenga nyumba. Mkupro mwenye asili ya Kigiriki, ambaye familia yake ililazimika kuiacha ardhi hiyo baada ya kisiwa kugawanyika mwaka 1974, aliwashtaki mjini Nicosia, na mwaka 2004 mahakama ikaamuru nyumba ibomolewe, ardhi irudishwe na fidia ilipwe. Mahakama hiyo haikuwa na uwezo wa kutekeleza amri yake upande wa kaskazini, ambao serikali ya Kupro haiutawali. Hata hivyo Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua tarehe 28 Aprili 2009 kwamba hukumu ya Nicosia ilistahili kutambuliwa Uingereza, na Mahakama ya Rufani huko ikaikubali mwaka 2010. Kwa maneno mengine, deni la kiwanja cha ugenini liliwafuata hadi kwenye mali zao za nyumbani. Mahali popote palipopita vita, utaifishaji au uhamishaji wa watu, mlolongo wa wamiliki lazima urudishwe hadi kabla ya tukio hilo.

Nchini Uhispania tatizo limekuwa la aina nyingine. Huko Andalusia nyumba kwa maelfu zilijengwa kwenye ardhi ya mashambani isiyotengwa kwa makazi, na nyingi zilinunuliwa na wageni kutoka kaskazini mwa Ulaya ambao hati zao za umiliki zilikuwa halali. Kilichokosekana ni uhalali wa jengo. Baadhi walikuwa na vibali vya manispaa ambavyo baadaye vilitangazwa kuwa batili. Sheria ya pwani ya mwaka 1988 nayo iliihesabu ufuo kuwa mali ya umma, na wenye nyumba zilizoangukia ndani ya mpaka huo wakabaki na ruhusa ya muda badala ya umiliki. Hati safi ya ardhi haisemi chochote kuhusu ruhusa ya kujenga juu yake. Hizo ni ofisi mbili, sheria mbili na majalada mawili.

Jina la kuazima

Katika nchi ambazo mgeni haruhusiwi kumiliki, hatakosa mtu wa kumshauri atumie jina la raia: rafiki, mfanyakazi, mchumba au mke. Raia anaandikwa kwenye hati, mgeni analipa, kisha wanatiliana saini mkataba wa siri, mkopo wa kubuni au hati ya uwakili inayompa mgeni mamlaka yote. Kwa juu juu njia hii humpa mgeni kila kitu: ardhi bila kikomo cha miaka, bei ya raia, na taratibu fupi. Ndiyo sababu huwavutia wengi, na ndiyo ninayoiona mbaya kuliko zote tano.

Indonesia inaonyesha kwa nini. Sheria yake ya msingi ya ardhi ya mwaka 1960 inasema kwamba tendo lolote linalolenga kumhamishia mgeni umiliki kamili, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili, ardhi huangukia mikononi mwa dola, na malipo yaliyokwisha kupokelewa hayawezi kudaiwa. Maneno hayo, "kwa kuzunguka", yaliandikwa kwa ajili ya mikataba ya pembeni ya aina hiihii. Nchini Ufilipino, Katiba ya 1987 huruhusu mgeni apate ardhi binafsi kwa urithi tu, ukiacha nafasi maalumu ya raia wa zamani. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimkatalia Mjerumani aliyeomba arudishiwe fedha alizotoa kununua ardhi na kujenga nyumba kwa jina la mke wake: alijua katiba inamkataza, ikasema mahakama, na aliyekiuka sheria akijua hawezi kuja kuomba huruma ya sheria hiyo. Hakuwa anadai ardhi, alidai fedha zake tu, na hata hizo hakuzipata.

Thailand ina utaratibu ambao kila anayefikiria njia hii anapaswa kuuwaza akiwa ameketi mahali pa mume. Mke raia wa nchi hiyo anaponunua ardhi, yeye na mumewe mgeni hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi mbele ya ofisi ya ardhi kwamba fedha za ununuzi ni mali binafsi ya mke. Mume ameuza alichokuwa nacho kwao, ametuma fedha, amechora ramani ya nyumba. Sasa anawekewa karatasi mezani inayosema kwamba hana fungu lolote katika fedha hizo, na anatia saini. Ndoa ikivunjika miaka kumi baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa. Kwa upande wa majina ya kuazimwa yasiyo ya ndoa, sheria ya ardhi ya nchi hiyo hutoa adhabu ya faini isiyozidi baht 20,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote, kwa raia anayemshikia mgeni ardhi, na ardhi iliyopatikana kinyume cha sheria hutakiwa kuuzwa ndani ya muda kati ya siku 180 na mwaka mmoja.

Watetezi wa njia hii husema kwamba mwenye jina ni mtu mwema. Namwamini. Lakini mtu mwema hufa, na warithi wake hawakuahidi lolote. Hudaiwa, na wadai wake hukamata mali iliyo kwa jina lake. Hutalikiwa, na mwenzi wake hudai nusu. Mgeni hawezi kuupeleka mkataba wake wa siri mahakamani bila kukiri kwamba aliufunga ili kukwepa sheria. Anayenunua kwa upendo wa kweli, akijua kwamba anampa mke au mume wake zawadi, yuko katika hali nyingine kabisa, na simlaumu. Ila na aiite zawadi tangu mwanzo.

Ukodishaji wa muda mrefu

Hii ndiyo njia ambayo sheria yenyewe humwelekeza mgeni katika nchi nyingi, na ndiyo ambayo wageni wengi huidharau kwa sababu ina mwisho. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu, na huongeza jambo la busara: hati yoyote inayodai kumpa haki kubwa kuliko hiyo itachukuliwa kuwa imempa ukodishaji wa miaka 99. Linganisha na Indonesia. Kwa kosa linalokaribiana, sheria moja humpunguzia mgeni haki, nyingine humfutia yote.

Indonesia hiyohiyo humpa mgeni mwenye kibali cha kuishi haki ya kutumia ardhi, ambayo kwa kanuni ya mwaka 2021 hutolewa kwa miaka 30, huweza kuongezwa 20, na kufanywa upya kwa 30. Thailand huruhusu ukodishaji wa hadi miaka 30, na ule unaozidi miaka mitatu lazima uandikishwe, la sivyo nguvu yake huishia mwaka wa tatu. Tanzania Bara inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humpa asiye raia ardhi kwa madhumuni ya uwekezaji, na nyumba ya kuishi mwenyewe si rahisi kuiingiza humo.

Urefu wa miaka si jambo la pekee la kulinganisha, wala si la kwanza. Mikataba mingi ya Thailand hutangazwa kuwa ya miaka 90, kwa hesabu ya 30 mara tatu. Zile 30 za kwanza huandikishwa na kuifunga ardhi; nyongeza mbili zinazofuata ni ahadi ya mwenye ardhi wa leo, na akiuza au akifa, kumdai mrithi wake ahadi hiyo ni kesi yenye mashaka. Mnunuzi aliyelipia miaka 90 basi ana 30 alizo na uhakika nazo. Zaidi ya hayo, mahakama za huko huuona ukodishaji kuwa haki ya mpangaji binafsi, hivyo kifo chake huweza kuukomesha pasipo maneno ya wazi kuhusu warithi.

Kwa mjenzi, kifungu chenye thamani kuliko vyote ni kile kinachosema jengo ni la nani wakati wa mkataba na baada ya mkataba. Sheria ya Thailand huruhusu mtu awe na jengo juu ya ardhi ya mwingine kwa haki iliyoandikishwa, na kuwa na kibali cha ujenzi kwa jina la mgeni husaidia kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Ujerumani ina haki ya kujenga ya mwaka 1919, yenye jalada lake katika daftari la ardhi, ambayo huweza kuuzwa, kurithiwa na kuwekwa rehani. Nyumba ni ya mwenye haki hiyo muda wote, na ukifika mwisho, mwenye ardhi humlipa fidia ya jengo isipokuwa mkataba umesema vingine. Uingereza, kinyume chake, muda ukiisha ardhi na kilicho juu yake hurudi kwa mwenyewe, ingawa wakazi wengi wana haki za kisheria za kuongeza muda. Kabla ya kuchimba msingi, mgeni asome pia vifungu vya kunyang'anywa: je, kuchelewa kulipa kodi ya ardhi kwa miezi miwili kunatosha kuuvunja mkataba wote, pamoja na nyumba? Sharti kama hilo likiwemo, miaka 99 iliyoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza haina uzito unaoonekana.

Pamoja na hayo yote, ukodishaji ulioandikishwa humpa mgeni kitu ambacho jina la kuazima haliwezi kumpa: anaweza kusimama mahakamani na kusema ukweli wote.

Amana ya benki

Meksiko imetengeneza njia ya katikati. Katiba yake ya 1917 humkataza mgeni kuwa na umiliki wa moja kwa moja ndani ya kilomita 100 kutoka mpakani na kilomita 50 kutoka pwani, ambako ndiko wageni wengi wanakotaka kujenga. Benki ya nchini, kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje, hushika hati kwa niaba yake. Sheria ya 1993 iliweka muda wa hadi miaka 50, unaoweza kuongezwa. Mgeni hutumia, hujenga, hukodisha, huuza, na hutaja ndani ya hati ileile nani atachukua nafasi yake akifa. Hulipa ada ya benki kila mwaka.

Tofauti yake na jina la kuazima iko hapa: anayeshika hati ni taasisi inayosimamiwa kisheria, mpango wote umeandikwa na serikali inaujua, na mali ya amana haihesabiwi kuwa mali ya benki. Nje ya ukanda huo, mgeni huweza kumiliki moja kwa moja, mradi akubali mbele ya wizara kwamba kuhusu mali hiyo atahesabiwa kama raia na hataomba ulinzi wa serikali ya kwao, la sivyo ataipoteza.

Amana hata hivyo haitibu ardhi mbovu. Ardhi ya ejido, yaani ya jamii ya wakulima, haiwezi kuuzwa kwa mgeni mpaka ipite katika taratibu za kuigeuza kuwa mali binafsi, ambazo mageuzi ya mwaka 1992 yaliziwezesha. Huko Punta Banda, karibu na Ensenada, wageni waliokuwa wamejenga kwenye ardhi waliyoipata kupitia ejido waliondolewa katika nyumba zao mwaka 2000, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya wamiliki wengine. Kwa hiyo swali la kwanza pwani ya Meksiko ni kama ardhi iliwahi kuwa ya ejido, na swali la amana hufuata.

Kampuni

Kampuni ina maana pale sheria inapoitambua waziwazi. Bulgaria ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2007 ilibakiza kwa miaka mitano zuio la ununuzi wa ardhi ya nyumba za pili, na wanunuzi wengi wa Ulaya walisajili kampuni ndogo ili zishike viwanja, na hilo lilikuwa halali. Gharama yake ilikuwa hesabu za kila mwaka na ripoti za kodi kwa ajili ya nyumba isiyozalisha chochote, na wengine walisahau. Kinyume chake, Katiba ya Kenya huihesabu kampuni kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, na Thailand huihesabu kampuni yenye hisa za wageni zaidi ya asilimia 49 kuwa ya kigeni katika mambo ya ardhi. Hapo mgeni hushauriwa kujaza hisa zilizobaki kwa majina ya raia wasiotoa fedha, na njia ya kampuni inageuka kuwa jina la kuazima lenye wahasibu. Uingereza nayo, tangu mwaka 2022, huzitaka kampuni za nje zinazomiliki ardhi kuwataja wamiliki wao halisi katika daftari maalumu. Kwa nyumba moja ya familia, sioni sababu ya kampuni pale ambapo njia nyingine halali ipo.

Mgeni ambaye moyo wake haujafungamana na kujenga afahamu pia kwamba Thailand humruhusu kumiliki kabisa nyumba ya ghorofani ndani ya mgawo wa asilimia 49 wa jengo, na Ufilipino ndani ya asilimia 40. Ni haki imara kuliko nyingi nilizozitaja, ila haina kiwanja.

Mambo yanayoambatana na njia yoyote

Kibali cha kuishi ni jambo la peke yake. Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba katika njia za kupata ukaazi kwa uwekezaji mwaka 2023, na Uhispania ikafuta mpango wake mwaka 2025. Mtu anaweza kuwa na hati safi ya nyumba ambayo haruhusiwi kulala humo zaidi ya siku 90.

Wakili asiwe wa muuzaji wala wa dalali, na hati ya uwakili unayomwachia itaje kiwanja kimoja na tendo moja, tena iwe na tarehe ya kwisha. Mpimaji wako mwenyewe afike kwenye kiwanja alinganishe mawe ya mipaka na ramani iliyosajiliwa. Fanya upekuzi wa daftari siku ya saini, hata kama ulifanywa mwezi uliopita, kwa sababu rehani huandikwa kwa siku moja. Fedha zipite benki na risiti za kuingiza fedha za kigeni zihifadhiwe, maana baadhi ya nchi huzidai siku unapotaka kuzitoa tena.

Urithi ndio husahauliwa zaidi. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, kanuni inayotumika tangu tarehe 17 Agosti 2015 humruhusu mtu kuchagua katika wosia sheria ya nchi yake ya uraia. Asipochagua, kwa kawaida hufuatwa sheria ya mahali alipoishi mwishoni. Indonesia humpa mwaka mmoja mgeni aliyerithi umiliki kamili auachie. Mrithi asiye raia hawezi kutimiza muda kama huo ikiwa hajui hata ofisi ya kwenda. Basi wosia uandikwe mapema, kwa namna inayokubalika katika nchi ile, na pamoja nao iwepo karatasi inayotaja namba ya hati, ofisi ya ardhi iliyoisajili, wakili mwenye jalada, tarehe ukodishaji au amana itakapokwisha, na tarehe ya mwisho ya kuomba nyongeza, ambayo mara nyingi hutangulia ile ya kwanza kwa miezi mingi.